Sataranji (chesi), farasi akiruka g5: njia ya kujinasua

Mbalamwezi ikikomaa, hapa Kibirizi, Kigoma, hatuendi ziwani, kwa sababu taa hazivuti dagaa kwenye mwanga wa mwezi. Hizo ndizo siku zetu za sataranji. Mwezi uliopita nilifungwa mara tatu mfululizo kwa shambulio lile lile, nikiwa na kete nyeusi. Wachezaji huliita Maini ya Kukaanga, na mchezaji wa Kiitaliano Polerio alilijua tangu miaka 400 iliyopita.

Mwanzo hauna ajabu. Yeye ni mweupe, wewe mweusi; herufi ni safu ya wima ya ubao, namba ni mstari wa ulalo. Askari wake e4, wako e5. Farasi wake f3, wako c6. Askofu wake c4. Ukitoa farasi wa pili f6, wake anaruka g5. Hapo farasi na askofu wote wanaitazama f7, mraba unaolindwa na mfalme wako peke yake. Sukuma askari d5 umzibe askofu njia. Askari wake wa e4 atamla huyo askari wako.

Mkono utakuwasha umle askari wake kwa farasi wa f6. Uzuie! Mimi nilimla mara zote tatu. Farasi wake huingia f7, akamshika malkia na ngome kwa pamoja. Ukimla kwa mfalme, malkia wake anatoka f3 kwa cheki, yaani anamtisha mfalme wako, na ukitaka kumwokoa farasi wako wa d5 itabidi mfalme apande e6, katikati ya uwanja, kete zako nyingi zikiwa bado zimelala.

Badala yake mtoe farasi wa c6 umpeleke a5. Tumezoea kuambiwa farasi wa ukingoni hana kazi. Huyu anamgusa askofu. Askofu ataenda b5 kwa cheki. Ziba kwa askari c6, akila nawe ule kwa askari wa b. Askofu anarudi, mara nyingi e2. Sukuma h6, farasi wake arudi f3. Sukuma e4, akimbilie e5. Mtishe kwa askofu d6.

Umepungukiwa askari mmoja, na usihangaike kumrudisha. Yeye amehangaika na kete mbili tu, wewe umefungua njia. Mfiche mfalme upande wa ngome ya h kisha shambulia.

Nilizipanga hatua hizi jioni nzima juu ya mtumbwi uliopinduliwa, mpaka vidole vikazoea. Tangu juzi yule aliyenifunga haruki tena g5. Anasukuma d3 taratibu, nami natoa askofu c5.