Somo: Adui Anavyouumba Mkia wa Kiluwiluwi

Mvua za kwanza zikishatuama katika majaruba na malambo ya hapa Tabora, hazipiti siku nyingi kabla maji hayajajaa viluwiluwi. Wengi wetu hudhani kwamba umbo la kiluwiluwi limekwisha kupangwa tangu yaini. Sivyo. Viluwiluwi wa kitonge kimoja cha mayai, wakigawanywa katika maji yenye harufu ya adui na maji yasiyo nayo, huweza kukua na maumbo tofauti, ingawa adui huyo hajamgusa hata mmoja wao. Jambo hili unaweza kulishuhudia nyumbani.

Hatua ya kwanza ni kumpata adui. Anayefaa zaidi ni kerengende mchanga, ambaye huishi majini kabla ya kuota mabawa. Pitisha chujio kwenye majani yaliyooza pembezoni mwa lambo nawe utamkuta, mwenye rangi ya tope na macho makubwa, ametulia kama kijiti. Mweke kwanza ndani ya glasi umtazame akila: mdomo wake wa chini, ambao hukaa umekunjwa chini ya kichwa, hufyatuka ghafla na kumnasa kiluwiluwi kabla jicho lako halijafuatilia.

Hatua ya pili, tayarisha mabeseni manne yanayofanana, yenye maji ya mvua au ya bomba yaliyokaa wazi siku mbili ili klorini itoke. Weka viluwiluwi 20 katika kila beseni, wote wa kitonge kimoja, na uwalishe mchicha uliochemshwa.

Hatua ya tatu, toboa matundu makubwa kwenye chupa nne za plastiki, uyazibe kwa vipande vya chandarua ili maji yapite lakini mnyama asipite, kisha zamisha chupa moja katika kila beseni. Kerengende wataingia katika chupa mbili tu. Zile mbili tupu si mapambo. Bila hizo hutajua kama kilichobadili umbo ni adui au ni chupa yenyewe.

Hatua ya nne ndiyo niliyoikosea mwaka wa kwanza. Kwa huruma niliwalisha kerengende minyoo, na baada ya wiki tatu sikuona tofauti ya maana. Kiluwiluwi huitikia kwa nguvu zaidi harufu ya adui ikichanganyika na harufu ya ndugu zake walioliwa. Kwa hiyo kila baada ya siku moja mpe kerengende kiluwiluwi mmoja au wawili kutoka akiba ya kando. Kosa langu la pili lilikuwa kupanga mabeseni chini ya mwembe, mawili yakapata kivuli na mawili jua. Yabadilishane nafasi kila siku.

Baada ya wiki mbili au tatu, mtie kila kiluwiluwi katika glasi nyembamba yenye rula nyuma yake, umpige picha kwa simu kutoka ubavuni. Pima urefu wa kiwiliwili na kimo cha mkia pamoja na mapezi yake ya juu na chini, kisha gawanya kimo kwa urefu huo, maana kulinganisha vimo pekee kunapotosha pale ambapo mmoja ni mkubwa kuliko mwenzake.

Katika spishi nyingi zilizochunguzwa, walioishi na kerengende huwa na mkia wa kimo kikubwa, kiwiliwili kidogo, na hutulia zaidi. Kiwiliwili kikinaswa, kiluwiluwi amekwisha. Mkia ukinyofolewa kipande, huponyoka na mkia huota tena. Pezi pana humvuta adui ashike mahali pasipoua.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Nzega: Shikamoo mwalimu. Ikiwa mkia mpana ni kinga, kwa nini wasizaliwe wote nao?

Jibu: Marahaba. Kinga hiyo ina gharama. Anayetulia kwa hofu hula kidogo, mara nyingi hukua polepole, na pasipo adui hushindwa na wenzake katika kugombea chakula. Fikiria dimbwi la barabarani linalokauka baada ya wiki chache: huko kuchelewa kuota miguu ni kifo pia.

Mwanachama wa Urambo: Je, kila adui huleta mkia mpana?

Jibu: Hapana, na hapa ndipo panaponistaajabisha mimi. Katika kisiwa cha Hokkaido, Japani, kuna chura ambaye viluwiluwi wake wakiishi na kerengende huwa na mkia wa kimo kikubwa, lakini wakiishi na wachanga wa salamanda, mnyama wa jamii ya chura mwenye mkia kama mjusi, ambao humeza windo zima, huvimba kiwiliwili hadi wasiingie kinywani. Huko Panama kuna vyura wa mitini ambao mayai yao, nyoka akiyashambulia, huanguliwa kabla ya wakati na watoto wakadondoka majini.

Mwanachama wa Kigoma Ujiji: Adui akiondolewa, umbo hurudi?

Jibu: Kwa wale wa Hokkaido, uvimbe hupungua. Kwa wako, jaribu: toa chupa katika beseni moja kati ya yale mawili yenye kerengende, badilisha maji yote, kisha wapime tena baada ya wiki moja kabla hawajaota miguu ya mbele, kwa sababu mkia huanza kunywea baada ya hapo na vipimo havitakuwa na maana.