Kuku zako haziishe minyoo? Angalia kwanza chakula

Bandugu ya Goma, juzi jirani aliniletea kuku yake ya kufa, nikaipasua, matumbo ilijaa minyoo nyeupe mirefu sawa kamba, na alikuwa ameipa dawa miezi mbili mbele. Nikamuuliza inakulaka nini, akasema mahindi nyeupe na maganda ya muhogo basi. Njo pale shida iko. Dawa inaua minyoo ya leo, lakini mayai yake inabakiaka mu udongo miezi mingi, kuku inadonoa tena, na kama haina proteini na vitamini A ya kutosha minyoo inakomaa mu tumbo bila shida.

Mimi kwa kuku zenye zinakomaa nachanganyaka hivi: mahindi kilo 6, soya kilo 2, pumba kilo 1 na nusu, sambaza (samaki ndogo ya ziwa) kavu ya kusaga nusu kilo. Soya lazima uikaange mbele ya kusaga juu soya mbichi inazuia tumbo kuyeyusha proteini. Sambaza ikuwe ile haina chumvi mingi. Mahindi ukipata ya njano ni muzuri zaidi, iko na vitamini A, nyeupe haina, kama hakuna basi upe lenga-lenga (mchicha) kila siku, fungia kwa kamba juu wasikanyagie mu mavi. Mahindi ya kuvu usipe hata bakupunguzie bei namna gani, ile sumu inaharibu maini na kuku inakosa nguvu ya kupigana na magonjwa.

Kama zinafungiwa ndani, weka vijiwe, firigisi njo meno yake. Hapa kwetu makoro, majiwe ya volkano, iko kila fasi, vunja ifike kama punje ya mahindi, osha, weka mu sahani.

Ukibadilisha chakula fanya pole pole, siku 5 ao 7, la sivyo zitahara. Tunguu saumu na mbegu ya papai weka kama unapenda lakini dawa ya minyoo usiache. Na vifaranga vikihara damu ile haiko minyoo, ni koksidi, ugonjwa ya vidudu vidogo sana vya mu matumbo, dawa ya minyoo haiisaidie, kimbia kwa veterineri siku ileile, na utoe takataka zote zenye maji chini.

Kisha wiki tatu angalia mavi asubuhi, yenye iko sawa inakuwaka ngumu kidogo na nyeupe juu. Gusa pia kifua: kama mufupa bado inakata sawa kisu, ile kuku itenge pembeni umupe dawa tena.