Somo: Mtoto ana wiki mbili na ndugu wako njiani

Mwanangu wa kwanza alikuwa na siku 19 shangazi yake aliposhuka Ubungo, enzi hizo stendi ya mikoani ilikuwa bado Ubungo. Alitoka Mbeya, zaidi ya kilomita 800, na ndoo ya maparachichi mkononi. Alikuwa anakohoa. Tulipompa pole akasema ni vumbi la safari tu na kile kiyoyozi cha basi. Akanawa uso, akamchukua mtoto, akamlaza kifuani na kumwimbia. Siku ya 4 mtoto akaanza kulikataa ziwa. Siku ya 5 tulikuwa wodini, mtoto yuko kwenye oksijeni, na mimi niliyekuwa nesi tayari nimekaa kando ya kitanda nikijiuliza ilikuwaje nikanyamaza.

Alipona, na sasa yuko sekondari. Shangazi yake hakukosea kutamani kumbeba mtoto wa kaka yake. Tuliokosea ni sisi wenye nyumba, tulioona aibu. Tangu hapo nawaambia wazazi wote wanaopita mikononi mwangu: neno linalosemwa mlangoni, mgeni keshashusha mizigo, limechelewa. Liseme kabla nauli haijalipwa, na aliseme mtu wa upande wao.

Kwanza mjue tunachokilinda. Mtoto akizaliwa hapa kwetu hupata chanjo ya BCG ya kifua kikuu na matone ya polio. Kifaduro, ambacho kwa mtu mzima kinaweza kuonekana kama kikohozi sugu tu, hakizuiwi na chanjo hizo. Kinga yake inaanza na sindano ya pentavalenti, chanjo moja ya magonjwa matano, ya wiki ya 6, ikifuatiwa na ya wiki ya 10 na ya 14. Kichanga mwenye kifaduro anaweza asikohoe kabisa. Anasita kupumua, anabadilika rangi. Vivyo hivyo virusi vya RSV: kwa shangazi ni mafua ya siku chache, kwa mtoto wa wiki 3 vinashuka hadi kwenye vijia vyembamba vya hewa na kuviziba. Ndiyo maana mgeni anakuambia kwa ukweli kabisa kwamba haumwi, ni mafua tu.

Hatua ya 1: Simu itangulie tiketi

Kwa mama mkwe apige mumeo. Kwa mama yako piga wewe. Maneno yale yale yakitoka kwa mkwe yanageuka kuwa "amenifukuza nyumbani kwa mwanangu", yakitoka kwa mtoto wa kumzaa ni taarifa. Nimeshuhudia familia zikinuniana miaka kwa sababu ya simu iliyopigwa na mtu asiye sahihi.

Kama baba hajui aanzie wapi, mpe haya ayaseme au ayatume:

"Shikamoo mama. Mjukuu wako hajambo, na mama yake anaendelea vizuri. Tunakusubiri kwa hamu. Kliniki wametuambia mwili wake bado mchanga sana na chanjo nyingine anaanza wiki ya 6, kwa hiyo mwenye mafua, kikohozi, homa au kuharisha asubiri apone ndiyo aje. Hata mimi nikiugua nalala sebuleni. Siku ya safari unijulishe, nitakupokea stendi."

Ile sentensi ya "hata mimi" msiiondoe. Sharti linalomhusu baba mwenye nyumba halimdhalilishi mgeni. Na ahadi ya kumpokea stendi inamwonyesha kwamba anatakiwa aje.

Ulizeni pia kuhusu macho mekundu (wa Dar mnakumbuka mwanzoni mwa 2024 yalivyozunguka nyumba kwa nyumba) na vipele kwa watoto. Watoto wa chekechea na wa madarasa ya chini wabaki kwao safari hii. Wanabeba mafua ya darasa zima, na hawawezi kukumbuka kutomshika mtoto usoni. Surua nayo, chanjo yake ya kwanza ni miezi 9, kwa hiyo mtoto wako hapo katikati anategemea waliomzunguka wawe wamechanjwa.

Hatua ya 2: Wasije wote pamoja

Aje kwanza yule anayekuja kusaidia kazi, aliyezoea kulea na kupika. Wa kuja kuona na kupiga picha wasubiri. Mila zetu zilishalijua hili: Pwani mzazi anakaa ndani siku 40, Uchagani anakaa muda mrefu zaidi akiletewa mtori. Mkubwa akikuambia siku hizi mmekuwa wagumu, mkumbushe kwa heshima kwamba mnafuata alichokifundisha yeye.

Hatua ya 3: Maji ya kuoga kabla ya mtoto

Hapa ukarimu wetu wenyewe unatusaidia. Mgeni wa safari ndefu tangu zamani hupokelewa kwa maji ya kuoga. Basi mwambie, "Pole na safari mama, maji yako yako tayari bafuni," kisha mpe kanga safi abadilishe. Hakuna mgeni atakayeona ametengwa kwa kuambiwa hivyo. Akitoka bafuni amepunguza uchafu wa kwenye basi, wa vyoo vya njiani na wa noti alizoshika siku nzima. Ale, apumzike, mtoto amwone baadaye.

Mlangoni weka ndoo ya koki au kibuyu chirizi, na sabuni ifungwe pale pale isihame. Maji tiririka na sabuni, sekunde 20, kila anayetaka kumshika mtoto na kila mara. Vitakasa mikono vinafaa pale ambapo hakuna maji, lakini mikono yenye tope au mafuta ya chipsi haviisafishi.

Mimi huweka kanga 4 au 5 zilizofuliwa na kupigwa pasi karibu na mlango wa chumba. Anayempakata mtoto anatandika moja kifuani kwanza, akimaliza inakwenda kwenye beseni la kufua. Inaonekana kama mapambo ya nyumba ya mzazi, wala haimuudhi mtu, na pua ya mtoto haikutani na blauzi iliyosafiri kutoka Mbeya.

Hatua ya 4: Uso na vidole vya mtoto haviguswi

Hakuna kumbusu mdomoni, shavuni wala mikononi, kwa kuwa vidole vya mtoto vinakwenda mdomoni. Anayetaka kumchezea amshike nyayo. Mwenye kidonda cha homa mdomoni, vile vilengelenge vinavyochoma pembeni ya midomo, asimbusu kabisa mahali popote na asimpakate mpaka kipone. Kirusi kile kwa mtu mzima ni kero. Kwa kichanga kinaweza kufika kwenye ubongo na kuua.

Mgeni akianza kukohoa akiwa keshafika, hafukuzwi. Anavaa barakoa, anahamishwa chumba, anakaa barazani penye hewa, na anasaidia kazi zisizomsogeza karibu na mtoto. Madirisha yafunguliwe. Nyumba ya mzazi kufungwa kila mahali kwa kuogopa baridi, watu 9 wakivuta hewa ile ile, ni kosa ninaloliona kila juma.

Mvuta sigara avutie nje mbali, abadilishe shati. Udi na ubani pia ni moshi. Fukizeni nguo uani, si chumba cha mtoto.

Hatua ya 5: Kilichomo kwenye mkoba

Bibi haji mikono mitupu, na hapa ndipo panapohitaji upole kuliko kwingine. Ndani ya mkoba mna asali ya kumlambisha, dawa ya chango, kitu cha kupaka kitovu, labda wanja. Asali hapewi mtoto kabla ya mwaka 1, kwani inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli, hata ile ya kupumua. Maji, hata ya uvuguvugu, bado: miezi 6 ni ziwa tu, na dang'a ile ya njano ya siku za kwanza isikamuliwe na kumwagwa kwa sababu eti ni chafu. Kitovu kiachwe kikavu, wazi, bila majivu, mate wala mafuta. Uchafu kwenye kitovu ndiyo njia ya pepopunda. Wanja mwingi una madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Usivitupe vitu vyake mbele yake. Vipokee kwa mikono 2, viweke kabatini, useme kliniki wamekataza kwa sasa. Halafu mpe kazi yenye heshima: uji wa ulezi wa mzazi, mtori, kumwogesha mama, kumpokea mtoto usiku baada ya kunyonya. Bibi mwenye kazi halisi hatafuti chupa ya chango.

Hatua ya 6: Wameondoka, sasa tazama

Mafua hujitokeza ndani ya siku chache. Kifaduro kwa kawaida siku 7 hadi 10, mara nyingine hata wiki 3. Katika muda huo mtoto akionyesha lolote kati ya haya, nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo: kukataa ziwa au kunyonya kwa ulegevu kuliko kawaida, joto la 37.5 na kuendelea, mwili wa baridi usiopata joto hata akikumbatiwa kifuani, pumzi 60 au zaidi kwa dakika, kifua kubonyea ndani akivuta hewa, kusita kupumua, midomo ya bluu, degedege, au kulala mno hadi haamki kunyonya.

Pumzi zihesabuni akiwa ametulia, dakika 1 nzima kwa kutazama saa. Msikadirie, maana pumzi za kichanga haziendi sawasawa. Kipimajoto kinauzwa famasi, kinunuliwe kabla mtoto hajazaliwa.

Maswali ya wanachama

Shikamoo dada. Mama mkwe anakuja kutoka Kahama. Anakohoa tangu mwezi uliopita, anasema ni pumu ya uzee. Mume wangu anaona aibu kumwambia.

Marahaba mdogo wangu. Kikohozi kilichopita wiki 2 kipimwe makohozi kabla ya safari, hata kama kweli ana pumu. Vituo vya serikali vinapima kifua kikuu na kutibu bila malipo. Mumeo asimwambie "tunakuogopa", amwambie "mama, kikohozi hiki kimekaa sana, naomba ukapime, nauli ya kwenda hospitali natuma leo". Na aitume kweli. BCG inamkinga mtoto zaidi na kifua kikuu kikali, kama kile cha ubongo, lakini haimfanyi asiambukizwe. Majibu yakitoka vizuri, aje kwa raha zake.

Sisi tunaishi chumba kimoja Manzese. Hayo ya kuhamisha mgeni chumba tutayafanyaje?

Nimeishi chumba kimoja, nakuelewa. Ombeni jirani amlaze mgeni usiku, wengi hukubali wakijua kuna mzazi. Ikishindikana, wewe na mtoto mlale upande wa dirisha ndani ya chandarua chenu, mgeni upande wa mlango, na dirisha liwe wazi. Mchana maisha yahamie nje. Ikiwa mgeni anaumwa, hapo sisiti: safari iahirishwe, chumba kimoja hakina pa kumficha mtoto.

Hapa Tanga tunajiandaa na arobaini. Watu watakuwa wengi na wote wanataka kumbeba. Si atakuwa ameshakua?

Hesabu nami. Arobaini ni siku ya 40. Chanjo ya wiki ya 6 ni siku ya 42. Shughuli kubwa kuliko zote inaangukia siku 2 kabla ya sindano ya kwanza, na hata hiyo moja haitoshi peke yake. Maulidi yasomwe, biriani iliwe, lakini turubai liwe nje na mtoto abaki ndani na bibi mmoja mzima wa afya. Atolewe dakika chache, mikononi mwa baba yake, watu wamwombee dua kwa macho. Wenye moyo wa kusogeza sherehe mpaka baada ya wiki ya 14 nawapongeza, ingawa najua mtabishana na wazee.

Mimi niko Uingereza, nina mimba ya wiki 24, mama anakuja kutoka Unguja kunisaidia. Kuna chanjo ninazoweza kupata?

Ndiyo, na hapo ulipo una bahati. NHS, huduma ya afya ya umma ya huko, inawapa wajawazito chanjo ya kifaduro kuanzia wiki ya 16, na ya RSV kuanzia wiki ya 28. Mwili wako unatengeneza kinga na kumpitishia mtoto kabla hajazaliwa, jambo muhimu kwa sababu huko sindano zake zinaanza wiki ya 8. Kama ya kifaduro hujapata, mwulize mkunga wako wiki hii. Kwa mama, chanjo ya kifaduro kwa watu wazima haimo katika ratiba ya kawaida ya kliniki zetu, kwa hiyo yeye msimamieni kwa kunawa mikono, barakoa ndani ya ndege, na siku chache za kumtazama akitua. Akija majira ya baridi, kanuni za kukohoa ziwe kali zaidi.

Nesi, mwenye mafua ni mimi mwenyewe. Niache kunyonyesha?

Usiache. Kinga unayotengeneza dhidi ya mafua hayo inapita kwenye maziwa. Nawa mikono kabla ya kumshika, vaa barakoa ukimnyonyesha, usimpulizie uso kwa kumbembeleza.

Nimechelewa kusoma. Jana wifi alimbusu mtoto mdomoni, leo asubuhi amepiga simu ana homa na mafua. Mtoto ana siku 16. Nimpe dawa gani ya kuzuia?

Pole mama. Hakuna dawa ya kumpa sasa. Antibayotiki za duka la dawa haziui virusi vya mafua, na usimpe parasetamoli, itakufichia homa unayotakiwa kuiona. Muulize wifi, bila kumlaumu, kama ana kidonda au vilengelenge mdomoni. Kama anavyo, mpeleke mtoto leo ukamweleze daktari neno hilo hilo. Kama hana, mnyonyeshe kila anapotaka, pima joto asubuhi na jioni, hesabu pumzi akiwa amelala. Andaa kadi ya kliniki, kanga 2 na nauli ya bodaboda au namba ya jirani mwenye gari, uviweke pamoja karibu na kitanda. Akikataa ziwa, au ukiona lolote kati ya niliyoyataja kwenye hatua ya 6, usingoje kukuche. Nenda hata kama ni saa 8 usiku, na ukifika getini sema kwanza kwamba ana siku 16.