Beba sweta: fukwe za Uingereza kwa tuliokulia Bahari ya Hindi

Mama alipokuja kututembelea kutoka Tanga, Jumapili ya kwanza tulimpeleka Skegness. Sisi tunakaa Leicester, mji ulio mbali na bahari pande zote, na Skegness ndiyo pwani ya watu wa huku: unabadilisha treni Nottingham, halafu unakaa kwenye behewa saa mbili hivi ukitazama mashamba. Tulifika saa saba mchana. Mchanga upo, mpana, msafi. Punda wa kupanda watoto wapo. Bahari haipo. Ilikuwa mstari wa kijivu huko mbali, na kati yetu na huo mstari ni mchanga mbichi mtupu. Watoto wakauliza bahari imekwenda wapi. Mama, kanga imemganda mwilini kwa upepo, aliuliza lake: "Mwezi wa ngapi leo?" Nikatafuta kalenda ya mwezi mwandamo kwenye simu. Kumi na tano. "Basi ni bamvua," akasema, yaani siku za maji kujaa sana na kupwa sana. "Ulitegemea nini?"

Nimeona haya kidogo, kusema kweli. Miaka yote niliyokaa nchi hii nilikuwa nachagua ufukwe kwa picha, halafu nachagua siku kwa utabiri wa mvua. Kumbe mtoto wa pwani nilikuwa na elimu yangu ya nyumbani nimeiweka kabatini. Huku unachagua siku kwanza, ufukwe baadaye.

Mwezi kabla ya tiketi

Kwetu Tanga siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri. Mvuvi yeyote atakwambia bila kutazama saa. Uingereza mwezi ni ule ule, na bamvua huja siku zile zile za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, au siku moja mbili baadaye. Saa ndizo zinazobadilika, na kila bandari ina saa zake. Skegness na Weston-super-Mare, bamvua hujaa asubuhi na jioni. Maana yake ukifika mchana, ambao ndio wakati familia zote zinafika, maji yamekupwa. Brighton na Southend ni kinyume: bamvua huzikuta zimejaa karibu na katikati ya mchana. Yakiingia maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, mwezi ukiwa wa nane au wa ishirini na mbili hivi, mambo yanageuka. Weston unayakuta maji mchana, Southend unakuta tope.

Tulijaribu Jumapili iliyofuata. Weston, mwezi ishirini na mbili. Saa nane mchana watoto walikuwa majini hadi magotini na mama amekaa kwenye kiti cha kukodi, chupa ya chai miguuni, hana la kusema isipokuwa "Si nilikwambia?"

Hii ni kanuni ya kupangia safari ukiwa nyumbani. Ukishapanga, hakikisha kwa jedwali la maji kujaa na kupwa la mji wenyewe. Yapo bure kwenye intaneti, na miji mingi ya pwani hubandika lake ufukweni. Usiishie kwenye mazoea ya nyumbani, kwa sababu tofauti ya maji ya huku ni kubwa kuliko tuliyoizoea. Kwetu bamvua ni kama mita nne kutoka kupwa hadi kujaa. Mlango wa Bristol, ulipo mji wa Weston, bamvua kubwa hupita mita 12, na ni miongoni mwa sehemu zenye tofauti kubwa kabisa duniani. Maji yakipwa pale yanaacha tope la kuzamisha mguu hadi nyonga. Usimfuate mtoto anayekimbilia maji kule mbali. Mzuie kabla hajaanza.

Kuna sehemu mbili tatu ambazo lazima nizitaje kwa jina. Camber Sands, upande wa Sussex, ina mchanga mzuri na ulio tambarare, na ndio ubaya wake: maji yakirudi yanapita kwanza kwenye vijito nyuma yako, unashtukia umesimama kisiwani. Watu kadhaa walizama pale kiangazi cha 2016. Morecambe Bay, kaskazini magharibi, ndipo Februari 2004 walipokufa wahamiaji wa Kichina wasiopungua 21 waliokuwa wakiokota kombe usiku. Maji yaliwazunguka gizani. Na Holy Island, kule Northumberland, barabara ya kuendea kisiwani hufunikwa na bahari mara mbili kwa siku. Saa salama za kupita zimeandikwa pale pale barabarani, na bado kila mwaka kuna dereva anayeiacha gari yake ndani ya maji. Kisiwa chenyewe ni kizuri sana. Soma kibao tu.

Ningempeleka nani wapi

Kama una watoto wadogo na hujawahi kwenda popote, anza Bournemouth. Ni kama kilomita 11 za mchanga, na pale maji hupanda na kushuka kidogo tu, kwa hiyo hesabu yote ya mwezi niliyokusumbua nayo haikuhusu sana. Treni kutoka London Waterloo ni saa mbili hivi. Ubaya wake ni kwamba kila mtu analijua hilo. Siku ya joto ya Julai ukifika na gari baada ya saa nne asubuhi utazunguka kutafuta maegesho mpaka watoto walale.

Kwa anayekaa London na hataki kuvunja kibubu, Southend. Ni saa moja kwa treni kutoka Fenchurch Street. Maji yake ni rangi ya chai ya maziwa, maana ni mdomo wa mto Thames, na hakuna atakayekwambia ni Pemba. Lakini ina gati refu kuliko magati yote ya starehe duniani, kilomita mbili na ushee, na juu ya gati kuna treni. Lilijengwa refu namna hiyo kwa sababu ya tope lile lile: maji yakipwa, meli zilikuwa haziwezi kusogea karibu. Nenda kwa miguu, rudi kwa treni. Pembeni yake, Leigh-on-Sea, wanauza kombe wadogo waliochemshwa, unanyunyizia siki na pilipili manga na kula umesimama. Nilimpelekea shemeji yangu wa Kilwa, akala vikombe vitatu huku analalamika kwamba hakuna ndimu.

Brighton ina sifa kubwa na treni ya saa moja kutoka London Victoria. Ujue tu hakuna mchanga. Ni kokoto, za ukubwa wa yai, mwanzo mpaka mwisho. Nenda na viatu vya kuingia navyo majini na mkeka mnene, na usimpeleke bibi mwenye magoti mabovu. Gati lake la 1899 bado lina bembea na mashine za kuchezea, na kiasi cha kilomita moja kutoka hapo imesimama mifupa ya chuma ya gati jingine, lililofungwa 1975 na kuungua 2003. Mimi hupenda zaidi kuyatazama yale mabaki jioni kuliko kelele za gati zima.

Margate ni chaguo langu kwa wanaotaka mchanga bila kwenda mbali: treni ya kasi kutoka St Pancras, kama saa moja na nusu. Kuna jumba la sanaa la Turner Contemporary lililofunguliwa 2011, la kukimbilia mvua ikinyesha. Ukitembea upande wa Cliftonville utakuta Walpole Bay, bwawa kubwa la maji ya bahari la 1937. Maji yakijaa yanapita juu ya ukuta, yakipwa yanabaki ndani. Kwa anayejifunza kuogelea na anaogopa mawimbi, hapo ni pazuri kuliko ufukwe wa wazi.

Ukiwa kaskazini, Scarborough kwa watoto, Whitby kwa watu wazima. Whitby ina ngazi 199 za kupanda hadi kanisani na kwenye magofu ya abasia. Ukiwa Wales, Tenby, mji mdogo wenye kuta za kale na nyumba za rangi rangi, fukwe pande zake za baharini. St Ives ya Cornwall ni nzuri kama wanavyosema, ila kutoka London ni zaidi ya saa tano, basi usiende kwa siku moja.

Na zile picha za mchanga mweupe na maji ya feruzi zinazozunguka WhatsApp, watu wakibishana kama ni Kiwengwa? Nyingi ni Luskentyre, kisiwa cha Harris, Uskochi. Rangi ni ile ile kweli. Ingiza kidole cha mguu ndipo utajua umefika wapi.

Ndani ya maji

Bahari ya Tanga haishuki chini ya nyuzi 24. Pwani ya kusini ya Uingereza Agosti, mwezi wake bora, ni nyuzi 17 hadi 19. Kaskazini mashariki ni chini ya hapo. Mei, hata jua likiwaka, maji bado ya baridi kali, maana bahari huchelewa kupata joto. Septemba ni bora kuliko Juni. Ukijitupa ghafla kama tulivyokuwa tunajitupa kutoka ngalawani, pumzi inakatika na unameza maji kabla hujapiga hata mkono mmoja. Hata waogeleaji wazuri huzama. Ingia polepole, jimwagie shingoni na kifuani kwanza. Yakikuzidi, usipigane: lala chali, masikio ndani ya maji, subiri pumzi irudi.

Oga kati ya bendera mbili za nyekundu na njano, hapo ndipo waokoaji wanapotazama. Bendera nyekundu tupu, hakuna kuingia. Ukiona soksi ya upepo ya rangi ya chungwa, usimpe mtoto boya la kujaza upepo, kwa sababu upepo unavuma kuelekea bahari kuu. Mtu akiwa hatarini piga 999 na uombe Coastguard. Ukisema polisi unapoteza dakika. Chini ya majabali, hasa ya chaki kule Birling Gap na Seven Sisters, usitandike mkeka. Huporomoka bila taarifa.

Tena kuna suala la majitaka. Mvua kubwa ikinyesha, mifereji hufurika na uchafu huingia baharini, hata kwenye fukwe zenye sifa. Kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Septemba maji ya fukwe rasmi za England hupimwa na matokeo huwekwa wazi. Mimi hungoja siku mbili baada ya mvua kubwa, basi.

Tumbo, kanga na nauli

Kwa Waislamu, na hata wasiokula nyama, jambo ambalo hakuna aliyenieleza kwa miaka: huko kaskazini, hasa Yorkshire, maduka mengi hukaanga samaki na chipsi kwa mafuta ya ng'ombe. Nilikuwa nanunua kwa raha zangu nikidhani samaki ni samaki. Uliza kabla ya kuagiza wanakaangia mafuta gani, na uulize kama unga wa kupakia una bia. Hawakasiriki, huulizwa kila siku. Ukishapewa, kula umeupa ukuta mgongo. Shakwe wa huku hawaombi.

Kanga mbili na kikoi viwe mfukoni. Waingereza wananunua majoho ya bei ya ajabu ya kubadilishia nguo ufukweni. Kanga hufanya kazi hiyo hiyo, inakausha, inakinga upepo na inafunika mabega ya mtoto. Burkini haina shida popote nilipokwenda. Mkaa uache nyumbani mpaka uhakikishe unaruhusiwa, fukwe nyingi wamepiga marufuku majiko ya kutupa, na usiufukie kamwe mchangani: unabaki moto na wa kwanza kuukanyaga ni mtoto wa mwenzio.

Treni ni ghali mpaka ujue njia. Walio chini ya miaka mitano hawalipi. Kadi ya Family & Friends huchukua watu wazima hadi wanne na watoto hadi wanne wa miaka 5 hadi 15; wakubwa wanapunguziwa theluthi moja, watoto asilimia 60. Kwa familia kubwa kadi inaweza kujilipa kwa safari moja. Watu wazima watatu hadi tisa wanaosafiri pamoja bila watoto waulize GroupSave, punguzo la kikundi. Na epuka Jumatatu ya mapumziko ya mwisho wa Agosti, utasimama mpaka Brighton.

Baridi ikianza, usifunge mwaka. Blackpool huwasha taa zake mwishoni mwa Agosti, karibu kilomita 10 za barabara ya pwani, na likizo ya shule ya Oktoba ndiyo wakati wa kwenda, koti limefungwa mpaka kidevuni. Ila usimwahidi mtoto punda siku ya Ijumaa. Punda wa Blackpool wana kanuni zao za kazi: mapumziko ya mchana saa nzima, na Ijumaa hawafanyi kazi. Nilipomweleza mama alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaomba nimwandikie vizuri, apeleke habari Lamu.