Kuboresha Chujio la Hewa la Pikipiki ya Magurudumu Manne

Ili iunguze vizuri gramu 1 ya petroli, injini huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa, na pikipiki ya magurudumu manne huivuta hewa hiyo katikati ya vumbi linalotimuliwa na magurudumu yake yenyewe au ya aliyetangulia mbele. Ndani ya vumbi hilo mna chembe ngumu za mchanga ambazo hukwangua ukuta wa silinda na kula ringi za pistoni, hadi injini ianze kuunguza oili na kupungukiwa nguvu. Anayebadilisha chujio kwa tamaa ya mwendo huenda akavunjika moyo, kwa kuwa nguvu inayoongezwa na chujio peke yake ni kidogo. Faida yake kubwa ni kuzuia vumbi, tena kwa chujio linaloweza kuoshwa na kurudishwa kazini.

Chujio la karatasi huchuja vizuri sana likiwa kavu, lakini likilowa huziba. La pamba iliyotiwa oili hupitisha hewa kwa wepesi na hufaa zaidi mahali pasipo na vumbi jingi. La sponji iliyotiwa oili, hasa lenye tabaka mbili, ya nje ikiwa na matundu makubwa na ya ndani madogo, hunasa vumbi katika unene wake wote badala ya usoni tu, kwa hiyo haliwahi kuziba upesi. Kwa njia za vumbi na matope ningechagua sponji bila kusita, ingawa hudai kuhudumiwa mara kwa mara.

Kabla ya kufungua sanduku la chujio, ambalo kwa kawaida huwa chini ya kiti, futa uchafu wote unaolizunguka usije ukadondokea ndani. Ukishatoa chujio la zamani, usiharakishe kufuta chochote: chungulia kwanza upande wa bomba linaloelekea kwenye injini. Ukikuta vumbi huko, kuna mwanya uliokuwa ukilipitisha, na chujio jipya pekee halitauziba. Kisha ziba bomba kwa kitambaa safi, futa sanduku kwa kitambaa chenye unyevu, na umwage maji yaliyojikusanya katika kimrija cha chini. Kitambaa cha kuzibia bomba kiwe kikubwa na cha rangi kali, kwa maana kusahaulika ni rahisi.

Machujio mengi ya sponji huuzwa makavu, na sponji kavu hupitisha vumbi laini. Vaa glavu, mimina oili maalumu ya machujio, kisha ulikandekande chujio mpaka rangi ya oili ienee sawasawa, ukiliminya kwa viganja bila kulisokota kama nguo, kwa sababu sponji huchanika kwenye maungio yake. Oili ya injini si mbadala mzuri: huchuruzika na kuliacha chujio kavu upande wa juu. Siku ya kuliosha, usitumie petroli, ambayo hulegeza gundi ya maungio na kuleta hatari ya moto.

Sehemu inayostahili uangalifu kuliko zote ni ukingo wa chujio. Upake grisi kidogo kuuzunguka wote, kaza klempu bila kuupinda, kisha upitishe kidole pande zote kuhakikisha kwamba sponji haikujikunja mahali popote. Chujio la bei kubwa lililokaa vibaya hulinda injini vibaya kuliko la kawaida lililokaa barabara.

Wapo wanaotoboa au kuondoa kabisa kifuniko cha sanduku ili hewa iingie kwa wingi. Kufanya hivyo hukaribisha maji unapovuka kijito, na pia hufanya petroli iwe kidogo mno kulinganisha na hewa, hata injini ikapata joto kupita kiasi na kichwa cha plagi kikaonekana cheupe. Penye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, itabidi jeti, yaani kitundu kinachopimia petroli, ibadilishwe kwa iliyo kubwa zaidi. Penye mfumo wa kielektroniki wa kunyunyizia petroli, mabadiliko makubwa huhitaji programu ya injini irekebishwe.

Baada ya safari ya kwanza yenye vumbi, fungua tena na ufute ndani ya bomba kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na chembechembe, usiiwashe injini kabla hujaupata mwanya.