Kupunguza madarasa ya chuo Marekani kwa mitihani, kazi na Kiswahili chako

Juzi nimetoka kumsaidia shemeji yangu na hii kitu, naandika kabla sijasahau maana kila wiki kuna mtu ananipigia kuuliza yaleyale. Shemeji anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huku Texas, shifti ya usiku, akitoka asubuhi anapeleka watoto shule ndo alale. Akaambiwa digrii ni krediti 120 (krediti ni zile pointi unazopata ukifaulu kozi) na kozi moja mara nyingi ni krediti 3, akapiga hesabu akapata kozi 40, akataka kuacha hata hajaanza. Sasa hizo 40 si lazima zote ukakae darasani. Vyuo vingi huku unafanya mtihani, ukifaulu wanakupa krediti, au unaonyesha ulichojifunza kazini wanakipima, na sisi tuna kitu kingine tunakidharau bure, Kiswahili.

Hatua ya 1: anza na chuo, mtihani baadaye

Mimi mwenyewe niliingia mkenge hapa. Nilikimbilia mitihani, nikafaulu miwili, nikaipeleka chuoni kifua mbele. Wakaipokea vizuri tu, ila wakaiweka kwenye kozi za hiari, na za hiari nilikuwa nimeshazijaza. Krediti zipo kwenye karatasi lakini hazinipunguzii hata darasa moja.

Kwa hiyo omba orodha ya mahitaji ya digrii yako, ile inayoonyesha kila nafasi inataka kozi gani, halafu waulize ofisi ya msajili: mtihani huu unajaza nafasi ipi, na mnataka alama ngapi? Uliza kwa imeili, siyo simu. Ukijibiwa kwa mdomo, keshokutwa aliyekujibu kahamishwa na hakuna anayekumbuka. Uliza pia ni krediti ngapi lazima uzisome kwao, vyuo vingi vinataka angalau 30.

Kama hujachagua chuo angalia Thomas Edison State University ya New Jersey, Excelsior University ya New York na Charter Oak State College ya Connecticut, vyote vina ithibati na vinajulikana kwa kupokea krediti nyingi za nje. Mtu akikuahidi digrii nzima kwa sababu tu umeishi na umelipa, hiyo ni karatasi ya kufungia maandazi.

Hatua ya 2: CLEP

Ni mitihani ya kupata krediti bila kukaa darasani, inatolewa na College Board, shirika la mitihani la huku, mingi ni dakika 90 kwenye kompyuta, alama ni 20 mpaka 80, na pendekezo la kupewa krediti ni 50, japo kuna vyuo vinataka zaidi. Ada inakaribia dola 100 na kituo kinaongeza chake. Usilipe haraka, nenda kwenye tovuti ya Modern States, kozi zao ni bure na ukimaliza wanakupa vocha ya mtihani. Video zao kwangu ni ndefu mno, mimi naamini maswali ya mazoezi kuliko video kumi. Ukikosea hukatwi alama, kwa hiyo usiache swali wazi. Ukifeli unasubiri miezi mitatu ndo urudie mtihani uleule.

Usianze na historia ya Marekani kama umesoma kwetu Afrika Mashariki, sisi tulikariri Majimaji na mkutano wa Berlin. Anza na sosholojia au saikolojia.

Unaweza kufanyia nyumbani ukiangaliwa kwa kamera, ila mwenye watoto wadogo atanielewa nikisema nenda kituoni.

Hatua ya 3: majina na tarehe (soma hii yote tafadhali)

Ukiangalia unaona kitu kidogo. Sisi kimetula safari nzima ya kwenda kituoni na jioni tatu za simu.

Kwetu mtu ana jina lake, la baba na la babu, na mtaani anajulikana kwa lake na la baba. Shemeji akafungua akaunti ya CLEP hivyohivyo, la baba akaliweka kama jina la mwisho. Kitambulisho chake cha jimbo kimefuata pasipoti, jina la mwisho ni la babu. Siku ya mtihani kaendesha gari karibu saa nzima, kafika, mama wa mapokezi anaangalia kitambulisho, anaangalia skrini, anarudi kwenye kitambulisho. Akasema haiwezekani. Shemeji akarudi nyumbani hajagusa hata kibodi. Na yule mama simlaumu, ndo sheria.

Dawa yake: chukua kitambulisho utakachokwenda nacho, kiweke mezani, nakili herufi kwa herufi, usiandike jina kutoka kichwani. Kama umeshakosea wasiliana na CLEP wakurekebishie siku nyingi kabla ya mtihani.

Basi akarekebisha, akafanya, akafaulu. Kumbe bado. Kabla ya mtihani unachagua chuo kimoja kitumiwe matokeo bure (usiache kuchagua, ukituma baadaye unalipia), tukachagua, tukasubiri, chuo kinasema hakuna kitu, College Board wanasema tumetuma. Jioni tatu nashinda kwenye simu nasikiliza muziki wa kusubiri. Mwisho nikamwambia nisomee kila kitu ulichojaza chuoni, neno kwa neno, akafika tarehe ya kuzaliwa, 07/03. Yeye kazaliwa tarehe 7 mwezi wa 3. Huku mwezi unaanza, kwa hiyo kwa chuo yeye kazaliwa Julai. Matokeo yalikuwepo muda wote, ila hayajulikani ni ya nani. Wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Mengine ya kuangalia hapohapo: kama pasipoti yako ina jina moja tu, viza itakuwa imekuandika FNU (yaani jina la kwanza halijulikani) sehemu ya jina la kwanza, sasa kila fomu ifuate kitambulisho kinavyosema, usiweke FNU fomu hii halafu ile ukaiacha. Ndugu zangu mliokuja kama wakimbizi mkaandikiwa tarehe 1 Januari, tumieni hiyohiyo kila mahali hata kama mama anaijua ya kweli. Na dada ukiolewa ukabadili jina katikati ya masomo, badilisha chuoni kwanza, ndo ufanye mtihani mwingine.

Hatua ya 4: Kiswahili

CLEP wana Kifaransa, Kijerumani na Kihispania tu. Kiswahili unapimwa kwa mtihani wa kuongea wa ACTFL, jumuiya ya walimu wa lugha ya huku, unaoitwa OPI, unaandaliwa na Language Testing International, unaongea na mtu kwa simu kama nusu saa hivi au pungufu. ACE, lile baraza linaloshauri vyuo, linapendekeza krediti kwa matokeo rasmi. Ila rudi hatua ya 1, kuna vyuo havitoi krediti kwa lugha uliyozaliwa nayo, uliza kabla hujalipa.

Na usijiamini kupita kiasi. Ngazi ya juu, Superior, wanataka utetee hoja, ueleze ingekuwaje kama sheria fulani ingebadilishwa, siyo kusimulia ulivyopika pilau. Tulipofanya mazoezi shemeji kila sentensi ya tatu anadondosha Kiingereza, sisi wote wa huku ndo tulivyo. Nikamwambia jifanye unaongea na mkwe wako mbele ya wazee, akatulia.

Hatua ya 5: kazi

Wengi waliopita jeshi la Marekani wana JST, hati inayoorodhesha mafunzo yao ya jeshini, waombe tu itumwe chuoni. Wengine ni potifolio, yaani maandishi yako na vyeti vinavyoonyesha ulichojifunza, na hapa hawalipi miaka, wanapima ulichojifunza. "Nimehudumia wazee miaka sita" haikupi kitu. Chukua silabasi ya kozi unayotaka kuruka, kila lengo uliandikie tukio lako. Shemeji aliandika kuhusu bibi mwenye ugonjwa wa kusahau anayeamka saa nane usiku anataka kwenda kwa mama yake. Zamani alikuwa anamwambia mama yako alishafariki, bibi analia upya kila usiku. Siku hizi anamuuliza mama yako alikuwa anapika nini, bibi anasimulia mpaka analala. Akaeleza kwa nini hii inafanya kazi na ile haifanyi, akaambatanisha vyeti vya mafunzo. Anayesoma ni mwalimu wa somo hilohilo, anatafuta hiyo "kwa nini".

Sasa hivi potifolio yake ina kurasa 11. Inasubiri barua ya msimamizi wake wa kazi, ambaye kila Ijumaa anasema wiki ijayo.