Kuinua pleti ya chuma kwa klempu bila kumponda mtu

Klempu ya wima, kifaa kinachoning'inia kwenye mnyororo na kubana ukingo wa pleti iliyosimama, inashika kwa uzito wa pleti yenyewe. Mzigo unavuta pete ya juu, pete inalisukuma jino, yaani kipande kinachobana chenye meno madogo usoni, lijikite kwenye chuma. Uzito ukiondoka, mshiko unalegea. Fundi akilishika hilo, masharti mengine yote yanajieleza.

Piga hesabu ya uzito kwanza. Mita moja ya mraba ya chuma, kwa kila milimita moja ya unene, ni kilo 7.85. Pleti ya futi 4 kwa 8 ina karibu mita 3 za mraba, kwa hiyo ya milimita 6 ni kilo 140, ya milimita 10 ni kilo 234, ya milimita 12 ni kilo 280. Kisha soma maandishi yaliyochongwa kwenye klempu: uzito wa juu na unene inaoubana. Wengi huishia kwenye uzito wa juu. Klempu ya tani 3 ikipewa pleti ya kilo 140 inaweza kuteleza, kwa kuwa mzigo ni mwepesi mno kulikandamiza jino. Angalia kiwango cha chini alichoweka mtengenezaji. Klempu kubwa haimaanishi usalama zaidi.

Hewa ya chumvi ya Dar es Salaam hula pini na springi upesi, hasa karakana ikiwa wazi. Kabla ya kazi lisukume jino kwa kidole: lirudi lenyewe, bila kukwama. Toa rangi na vumbi la chuma katikati ya meno kwa brashi ya waya. Meno yakishakuwa bapa au yakimeguka, badilisha kipuri. Usiyajazie kwa kuchomelea, maana joto huua ugumu wake.

Pleti nayo isafishwe pale itakapobanwa: mafuta, grisi, rangi mbichi, magamba ya kutu. Bana moja tu kwa wakati. Ukibana mbili, kila taya inashika pleti ya kwake, nazo pleti zinateleza zikisuguana katikati. Pleti inayobebwa ikiwa imelala inahitaji klempu za mlalo, mbili au nne kwa pamoja, kamwe si moja.

Ingiza ukingo hadi ugote ndani kabisa ya mdomo wa klempu, kisha funga kufuli, komeo la klempu linalozuia jino lisifunguke. Pleti ndefu itumie klempu mbili, na pembe kati ya minyororo isizidi digrii 60. Ikifika digrii 120, kila mnyororo unabeba uzito wote wa pleti. Kwa mvuto wa pembeni tumia klempu yenye pete inayocheza na kugeukia upande wa mvuto. Ile ya pete ngumu ivutwe wima tu.

Inua sentimita 10, simamisha, tazama meno. Ongoza kwa kamba iliyofungwa kwenye kona, si kwa mikono. Kwenye karakana za Gerezani au Keko zinazotazamana na barabara, upepo wa alasiri kutoka baharini huigeuza pleti kuwa tanga. Ukivuma kwa nguvu, subirini. Pleti ikiponyoka hutua kwa ukingo, halafu huanguka bapa. Kwa hiyo anayesimama kuelekea uso wa pleti awe mbali kuliko urefu wa pleti, na kuli wa kusaidia aambiwe hivyo kabla winchi haijavutwa.

Hatari kubwa ni wakati wa kushusha, na hapa ndipo watu huharakisha. Ukingo ukigusa meza au mbao, mnyororo unalegea na jino linapoteza nguvu. Kinachobaki ni kufuli peke yake. Ndiyo maana hata kugonga nguzo njiani kunatisha. Andaeni fremu ya kuegemezea na vipande vya mbao mapema. Shusha polepole, pleti iegemee au ilale yote, vuta kwa kamba uone kama inatikisika. Ikitulia, legeza mnyororo, kisha fungua kufuli.